Kijiweni, Shusha!

Ukitaka kumuudhi mzee wa Kariakoo, mwite mhuni. Ukitaka kumchangamsha mjukuu wake, mwite hivyo hivyo. Mzee atakuuliza umelelewa na nani. Mjukuu atakugotea ngumi, atakujibu kwamba wahuni si watu wazuri, na benchi zima litaangua kicheko. Neno ni lile lile, herufi tano tu, lakini limepita kwa askari wa mkoloni, kwa vijana wa TANU, kwa walimu wa nidhamu na kwa wanamuziki kabla ya kufika kwenye benchi hilo.

Marehemu baba alikuwa na amri mbili nyumbani: usiingie ndani baada ya adhana ya Magharibi, na usikae kijiweni. Ya kwanza niliitii kwa kuogopa fimbo. Ya pili niliivunja nikiwa na miaka kumi na mitano, na sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika nilianza kuyasikia huko.

Tuanze na mji wenyewe. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao yao makuu mwaka 1891, walianza pia kutunga sheria za nani ajenge nini na wapi. Waingereza waliowafuata waliikamilisha ramani ile: upande wa bahari nyumba zenye bustani na vibaraza vipana, katikati maduka ya Wahindi, na magharibi, ng'ambo ya uwanja ulioachwa wazi kwa makusudi, nyumba za udongo na makuti. Kwenye makaratasi ya serikali yalikuwa maeneo ya kwanza, ya pili na ya tatu. Watu hawakuwa na haja na namba hizo. Wao walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja ule wa katikati wakauita Mnazi Mmoja. Namba zimekufa, majina yapo. Uzunguni siku hizi vijana wanaiita Ushuani, kwani mshua ni baba, na anayekaa huko ni mtoto mwenye baba wa kueleweka. Uswahilini imekatwa mkia, imebaki Uswazi.

Kariakoo yenyewe ni jina la kundi la watu. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, eneo lile lilifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili haukuhangaika na jina hilo, ukalimenya na kulimeza. Wapagazi hao walibeba risasi na unga wa wanajeshi hadi Rufiji na kusini zaidi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Soko kubwa kuliko yote nchini limebeba jina lao, na nadhani si wengi kati ya wanaonunua vitenge pale wanaolijua hilo.

Maneno ya kazi ya enzi hizo yalizaliwa kwa mtindo huo huo: mtu alipewa jina la kilichomweka mjini. Kibarua ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili aende kudai ujira wake. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Bandarini kulikuwa na makuli. Kwenye reli na mashamba ya mkonge kulikuwa na magenge, kila genge na mnyapara wake, na neno genge lenyewe tulilichukua kwa Mwingereza. Angalia lilivyotawanyika baadaye. Leo mama akimwambia mtoto akimbie gengeni, anamtuma nyanya na vitunguu. Polisi akitaja genge, anazungumzia wahalifu. Na Nairobi, vijana wa miaka ya 2000 waliokuwa wakirekodi kwenye studio ya Calif Records waliuita muziki wao Genge, wakimaanisha umati, watu wa kawaida.

Mhuni, kwa upande wake, hakupewa jina na kazi yake. Alipewa na kutokuwa nayo.

Katika Kiswahili cha zamani mhuni alikuwa mtu aliyetoka kwao akawa hana wa kumwajibikia: hana mke, hana mzee wa kumwita, anazurura. Bara bado utasikia mtu akisema fulani ni mhuni na asiwe na maana mbaya; anataka tu kusema hajaoa. Kosa la mhuni lilikuwa kwamba hana nyumba ya watu nyuma yake. Serikali ya kikoloni ililikuta neno hilo mtaani, ikaona linaifaa, ikalipa meno. Mwaka 1944 Tanganyika ikapata sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika wasiotakiwa. Asiye na kazi inayotambulika aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao alikotoka, hata kama huko kwao hakuwa na mtu tena.

Mji nao ulikuwa unafura. Sensa ya 1948 iliwakuta watu wapatao 69,000 Dar es Salaam. Ya 1957 ikawakuta karibu 129,000. Askari walizingira mitaa alfajiri, wakagonga milango, wakauliza mambo mawili: risiti ya kodi iko wapi, na unafanya kazi kwa nani. Asiyeweza kujibu alipandishwa gari, kisha treni. Kasoro ya mpango huo iliwaumiza vichwa maofisa wenyewe. Aliyerudishwa Dodoma au Kilosa hakuwa amefungwa mguu. Baada ya muda alipanda treni ya kurudi, au alitembea, na wiki mbili baadaye yuko Ilala anauza samaki wa kukaanga. Mwanahistoria Andrew Burton ameandika kitabu kizima juu ya watu hawa, na ukikisoma unaanza kuona kwamba wengi walioitwa wahuni walikuwa wakifanya kazi kutwa nzima. Walichokosa ni mwajiri wa kuwaandikia karatasi.

Ungetegemea uhuru uje na neno jingine. Haukuja nalo.

Ulikuja na mapya mengi, hilo ni kweli. Waafrika walioshika viti vya Wazungu maofisini waliitwa manaizi, neno lililokatwa kutoka kwenye Africanisation, sera ya kuwapa wananchi madaraka. Naizi alivaa suti, alikuwa na gari, na watoto wa mtaani walimtania kwa mchanganyiko wa wivu na fahari. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, likaja kabati zima la majina ya wabaya: kupe, mnyonyaji, bepari, mlanguzi. Mitaa nayo ilikuwa imeshaanza kupangwa upya kabla ya Azimio. Chama kiliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, na kwa mara ya kwanza kila kundi la nyumba likawa na mtu wa kujua nani kalala kwa nani. Lakini kijana asiye na kazi alibaki mhuni vile vile. Tofauti ni kwamba sasa aliyemwita hivyo alikuwa ndugu yake.

Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kazi Januari mosi 1969. Maadui walitajwa: sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua, suruali za kubana. Wasichana walishushwa kwenye mabasi. Ukiwauliza mabibi wa leo waliokuwa wasichana wakati ule, watakucheka kwanza, halafu watakueleza walivyobeba khanga kwenye mkoba ili wajifunge wakikaribia kituo. Waliovaa vile waliitwa wahuni wa kike, na hapo neno likapanuka tena. Mhuni sasa angeweza kuwa na kazi, mshahara na wazazi wote wawili, mradi suruali yake imebana.

Kisha zikaja operesheni za jasho. Mwaka 1976 ilikuwa Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983, duka lako likiwa halina sabuni wala sukari na vita dhidi ya wahujumu uchumi ikiwa imepamba moto chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi. Wasio na vitambulisho vya kazi walisombwa Dar es Salaam wapelekwe vijijini wakalime. Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, kijiji ambacho jina lake la Kizaramo ni kama kusema jaribu uone, kilikuwa miongoni mwa vijiji ambako watu wa mjini walitazamiwa kupelekwa. Wengi walijaribu, wakaona, wakarudi na pantoni.

Hapa mtaa ulifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la akili kuliko hotuba zote za wakati ule. Ili kutofautisha wachapakazi na wazururaji, serikali ikaanza kutoa leseni kwa wafanyabiashara wadogo wadogo. Watu wakaiita leseni ile nguvu kazi. Neno lililokuwa kwenye midomo ya mgambo likawa kikaratasi mfukoni mwa mchoma mihogo. Akisimamishwa, anakitoa: hii hapa nguvu kazi yangu. Kibarua cha babu yake kilikuwa kimezaliwa upya.

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyotupa Bongo. Jina lilikwenda kwa Dar es Salaam kwanza, baadaye kwa nchi nzima, na maana yake haikufichwa: hapa bila ubongo hutoboi. Mabasi ya binafsi yaliporuhusiwa yakabatizwa daladala, kwa nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo watu walikuwa wakiiita dala. Vijana waliosimama vituoni wakigonga bati la gari na kuita abiria wakawa wapiga debe. Na Wamachinga wakaingia mjini kutoka kusini.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba machinga ni Kiingereza kilichopindishwa, eti vijana wanaotembea kama askari gwaride. Ni hadithi tamu, lakini Machinga ni mahali na watu wake, huko mkoani Lindi. Vijana wa Lindi na Mtwara walijaa Kariakoo na mabegani wamebeba mikanda, saa na vitambaa vya meza, na jina la kwao likawa jina la kazi. Baada ya muda hata kijana wa Kichaga akiuza soksi Ubungo alikuwa Mmachinga. Serikali ilikuja kujenga jengo kubwa Ilala na kulipa jina hilo hilo, Machinga Complex. Likakaa miaka na vizimba vingi vitupu, kwa sababu mteja wa machinga hapandi ghorofa. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwatolea vitambulisho vya shilingi 20,000. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa kando ya barabara za mjini. Nguvu kazi, kitambulisho, msako, kurudi: mzee wa Ilala aliyezaliwa miaka ya 1940 angeweza kusimulia yote hayo bila kubadilisha kitenzi.

Sasa kijiwe. Niliahidi nafsi yangu nisikimbie hapa.

Kijiwe ni jiwe dogo, kwa kuanzia. Watu wawili watatu wasio na pa kwenda wanakaa juu ya jiwe, tofali, gogo au tairi la lori chini ya mwarobaini. Chetu kilikuwa ubao uliowekwa juu ya mawe mawili, pembeni ya ukuta wa nyumba ya mjane aliyekuwa akitumwagia maji tukipiga kelele. Asubuhi benchi lilikuwa la wazee. Muuza kahawa alikuja na dele lake la shaba juu ya jiko la makaa, anagonganisha vifinjani kwa vidole, kli kli kli, na bakuli la kashata za karanga limefunikwa gazeti. Gazeti hilo hilo ndilo lililosomwa. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine walibishana, na Simba na Yanga zilichukua nusu ya muda. Saa nne wazee waliondoka, wakaingia wacheza drafti, kete zao vizibo vya soda, vingine vimegeuzwa chali. Jioni ndiyo ilikuwa zamu yetu.

Huwezi kukaa tu. Siku yangu ya kwanza, mzee mmoja aliyekuwa amechelewa kuondoka aliniangalia kuanzia ndala hadi nywele.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikataja jina la baba, nikaongeza: nyumba ya tatu baada ya msikiti.

"Baba yako anajua uko hapa?"

Nikanyamaza. Akasogea kidogo, akanipigia kofi ubaoni nikae. Kumbe mtu asiye na wa kumwuliza habari zake, yule mhuni wa Kiswahili cha zamani, hata kijiweni asingepata nafasi.

Wasomi walifika baadaye. Eileen Moyer alifanya utafiti wake kwenye maskani, yaani vijiwe, za vijana waosha magari na wauza vitu katikati ya jiji, kivulini mwa hoteli kubwa. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha kamusi ya lugha ya mitaani yenye maneno na misemo kama 1,100. Nilipoipitia niliwakuta jamaa zangu wote humo: mshikaji, msela, demu, geto. Hilo la mwisho linanichekesha hadi leo. Wamarekani weusi wakitaja geto wanamaanisha mtaa mzima wa dhiki. Kwetu geto ni chumba kimoja cha kupanga cha kijana ambaye hajaoa, godoro chini, redio, na bango la mchezaji mpira. Kwa maneno mengine, nyumba ya mhuni.

Zanzibar neno hilo maskani lilielekea njia nyingine. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, maskani za CCM zikawa vituo vya siasa hasa. Ile ya Kisonge, Michenzani, ilijulikana kwa ubao wake wa kuandikia, ambapo kila asubuhi wapita njia walisoma nani kasutwa leo. Mji Mkongwe upinzani ulikuwa na Jaws Corner, penye kahawa na bao, jina likitokana na ile filamu ya papa iliyokuwa ikitazamwa pale kwenye televisheni. Kwa hiyo kona moja iliitwa kwa jina la samaki wa Marekani, na watu wakajadili hapo Muungano. Majina yaliyofuata hayakuchekesha. Uchaguzi wa 2005 mtaa uliwaita vijana waliotumika kupiga watu Janjaweed, kwa jina la wapiganaji wa Darfur; miaka kumi baadaye, waliokuja usiku nyuso zimefunikwa wakaitwa mazombi. Mtaa hauna polisi wala mahakama, basi huhukumu kwa kubandika jina.

Bara, miaka ya 1990, mhuni alipata kipaza sauti. Rapu ya Kiswahili ilianza kama mchezo wa watoto wa shule za mjini, ikashuka Uswazi, na wazazi wakaipa jina haraka: muziki wa kihuni. Vijana hawakubisha. Walilichukua kama lilivyo, na muziki wenyewe ukaja kuitwa Bongo Fleva, yaani ladha ya Bongo. Mitaa ikajitangaza kwa herufi: Temeke ikawa TMK, na Juma Nature na TMK Wanaume wakaiimba kama vile ni nchi inayojitegemea, Upanga wakajibu kwa East Coast ya kina GK. Ramani ya Mjerumani ilikuwa imerudi, Uswahilini upande huu na Ushuani upande ule, safari hii kwa mistari. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi, Sugu, mmoja wa waasisi wa muziki huo, akachaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini. Wazee wa amri ya fimbo walipata shida kidogo kulieleza hilo.

Msela naye ana safari yake. Jina limetoka kwenye neno la Kiingereza sailor, yaani baharia, na walioanza kulistahili walikuwa wazamiaji: vijana waliojificha kwenye meli bandarini, wakatokea anakojua Mungu. Wengi waliishia Cape Town, chini ya madaraja karibu na bandari, na mwandishi Sean Christie aliishi nao karibu vya kutosha kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2016. Nyumbani, jina la mzamiaji likashushwa bei hadi kila mshikaji akawa msela, hata asiyejua kuogelea. Kisha, miaka ya karibuni, vijana wakaanza kuitana mabaharia. Neno lilitoka Kiingereza likaingia Kiswahili, likachoka, wakalitafsiri upya bila kujua.

Si kila jina linachekesha kijiwe. Teja ni mteja aliyenyofolewa silabi. Mteja wa unga. Tulimpoteza mmoja kwa njia hiyo, kijana aliyetushinda wote drafti. Na jioni ya Ijumaa, Januari 2, 2015, Dar es Salaam ilikimbia. Habari zilienea kwamba Panya Road wanakuja, kundi la vijana wadogo wenye mapanga, na kuanzia Magomeni hadi Sinza watu walifunga maduka, wakaacha vyungu motoni, wakajifungia. Kabla yao Mbagala ilikuwa na Mbwa Mwitu, na kabla ya hao tulikuwa na Komandoo Yosso. Mwaka 2022 Panya Road wakarudi kwenye magazeti. Kila mara yaliyofuata yalikuwa yale yale: msako, mamia ya vijana rumande, na vijiwe kuvunjwa, chetu kikiwamo. Nakiri waliokatwa mapanga walikuwa watu kweli na hofu haikuwa ya kubuni. Lakini mgambo aliyekuja kung'oa ubao wetu hakukuta panga. Alikuta vizibo vya soda na wazee wanne, akatuita wahuni, na mmoja wa wazee hao alikuwa amewahi kuwa balozi wa nyumba kumi.

Sensa ya 2022 imeihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3. Ukipanda daladala inayopita Sinza, sikiliza konda akifika kati ya vituo. Kuna kimoja ambacho kila mtu anakijua, kiko kwenye ramani, na hata mtoto wa shule aliyevaa sare hukitaja kwa sauti bila aibu wala kuogopa fimbo ya mtu: "Kijiweni, shusha!"